Tulivyoimba Langoni Aigues-Mortes

Ndugu zangu wa Arlington, tangu nirudi nimesikia habari tatu za safari yangu, na hata moja haikutoka kwangu. Kuna anayesema tulikamatwa na polisi wa Ufaransa. Kuna anayesema wakwe walitufukuza. Na dada mmoja wa kwaya, sitamtaja, ameeneza kwamba nilionekana nikiombaomba sarafu huko Ulaya. Hiyo ya tatu ina ukweli kidogo, ndiyo maana nimeamua kuandika mwenyewe kabla hamjazidi kuongeza chumvi.

Kazi yangu ya wiki mnaijua: uuguzi wa wagonjwa wa figo. Kazi yangu ya Jumamosi mnaijua zaidi. Kijana wa Kenya akitaka kuoa hapa Texas, naitwa niongoze ujumbe. Tunafika kwa wazazi wa msichana, lango linafungwa, tunasimama nje tukiimba na kusihi mpaka tufunguliwe. Nyumba isiyo na lango, tunaimba mbele ya gereji na mwenye nyumba anashika rimoti. Niliwahi kuimba nusu saa kwenye apartment ambayo lango lake linafunguliwa kwa namba za siri, na kijana wa pizza akapita katikati yetu, akabonyeza namba, akaingia. Tukamwacha aende, tukaendelea kuimba.

Desturi yenyewe si ya kwetu. Mimi ni Mtaita, na nyanya yangu alikufa bila kuiona. Nilifunzwa huku huku Arlington na Wakikuyu na Wakamba, nikaishika kuliko wenyewe.

Sasa Mwadime. Huyu ni mtoto wa pekee wa marehemu kaka yangu. Kaka alipokuwa amelazwa, siku zikiwa zimebaki chache, aliniambia siku ya Mwadime kuoa nitasema mimi. Mwaka jana Mwadime, aliyekuwa akiishi na mama yake Katy, pembeni mwa Houston, alipata kazi ya uhandisi wa maji Ufaransa, karibu na kwao Camille, msichana waliyejuana naye wakiwa wanafunzi Houston. Akataka wafunge ndoa na wakae huko huko. Lakini alimwambia mama yake kwenye simu, nami nikisikia: "Mum, come uone home kwao kwanza. Ukisema hapana, narudi Katy. Sita-fight na wewe."

Kwa hiyo jambo lilikuwa moja tu: jibu la shemeji yangu, Mama Mwadime, mjane, ambaye hana mtoto mwingine. Kila mtu alilielewa hilo isipokuwa mimi. Mimi nilidhani jambo ni hotuba yangu.

Arlington hadi Katy

Niliondoka Arlington asubuhi nikiwa na suti mbili, kofia ya sherehe, bakora, na daftari la hotuba. Nilikuwa nimegawa hotuba sehemu tatu: ukoo wetu, sifa za kijana, na utani wa kuwalainisha wakwe. Njiani niliifanyia mazoezi kwa sauti. Kwenye foleni ya kuingia Houston, mama mmoja wa gari la pembeni alinitazama nikipunga mkono mmoja na kuupigia usukani makofi kwa mwingine, akapandisha kioo chake taratibu. Foleni ile ilinipa nafasi ya kumaliza hotuba mara nne.

Katy nilimkuta shemeji amefunga mizigo tayari. Chumba cha Mwadime kilikuwa kimetandikwa shuka mpya na mto mpya. Nikafurahi, nikaingiza sanduku langu humo.

"Shemeji, hapo si pako," akasema. "Kochi liko sebuleni."

Nikahamia kwenye kochi. Mtu wa kutafakari angejiuliza shuka zile ni za nani. Mimi niliuliza kama kuna chai.

Msafiri wa tatu aliletwa na binti yake kutoka Alief, mtaa wa Houston. Huyu ni Maman Furaha, Mkongomani wa Bukavu, anayefanya kazi ya kupakia mizigo ghalani na anayesali na shemeji kila Jumatano. Tulimchukua kwa sababu ya Kifaransa chake. Alikuja na sanduku moja la nguo na jingine la sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, kupikwa na kugandishwa, pakiti juu ya pakiti, limefungwa kwa gazeti na taulo.

"Maman Furaha," nikasema, "Ulaya kuna chakula."

"Papa, mutu anaenda kuona bakwe mikono mutupu? Wee unabeba kitabu. Bo watakula kitabu?"

Usiku ule Mwadime akapiga simu, akaomba kuongea nami peke yangu.

"Uncle, please. Hakuna mambo ya gate. Hakuna speech. Ni lunch tu."

"Nimekuelewa."

"Uncle, promise."

"Nime-promise," nikasema, na daftari likiwa mfukoni.

Houston hadi Paris

Kwenye ndege nilikaa katikati ya watu wawili waliolala kabla hatujaruka. Nililetewa kuku, nikaletewa jibini ndogo ambayo nilidhani ni sabuni, nikaihifadhi kwa ajili ya kunawa. Shemeji alikuwa nyuma yangu upande wa dirisha. Kila nilipogeuka nilimwona macho wazi, anaangalia giza la nje. Nilimwuliza kama anaogopa ndege. Akasema haogopi ndege.

Paris sitaieleza kwa sababu sikuiona. Niliona korido, ngazi zinazopanda zenyewe, na mgongo wa Maman Furaha akitutangulia kwa kasi. Kifaransa chake ni cha mtu aliyezoea kuuza na kununua: hana muda wa adabu ndefu. Kila mfanyakazi tuliyemwuliza njia alimrekebisha salamu kwanza kabla ya kumjibu. "Bonjour, madame," wanamwambia, na kusubiri. Ilibidi arudie mwanzo, aseme bonjour, ndipo anyooshewe kidole.

"Banapenda bonjour sana hawa," akanung'unika. "Bon. Nitawapa."

Paris hadi Nîmes

Treni ilitakiwa kutufikisha Nîmes kwa muda kama wa kutoka Arlington hadi Houston, siku njema isiyo na foleni. Ilisimama katikati ya mashamba. Tangazo likatoka. Maman Furaha akasikiliza, akasema kuna kitu kwenye reli. Tangazo la pili likasema, kwa mujibu wake, kwamba bado kuna kitu kwenye reli. Tulikaa hapo hadi jua likaingia upande wetu, na ndipo sombe ilipoanza kuyeyuka.

Maji ya kijani yalitoka kwenye sanduku juu yetu, yakafuata ukingo wa rafu, yakadondoka kwenye gazeti la mzee mmoja aliyekaa mbele yangu. Tone la kwanza alilifuta. Tone la pili akatazama juu. Mimi nikatazama nje, kana kwamba nina shughuli na ng'ombe.

Maman Furaha hakujificha. Alisimama, akasema bonjour kwanza, akashusha sanduku, akalifungua katikati ya behewa na kumwonyesha mzee pakiti moja. Wakaongea muda mrefu. Mzee akanusa. Halafu akatoa begi lake la sokoni, lile la kuhifadhi baridi, akaondoa siagi na samaki wake, akatupatia begi. Siagi ya watu ikabaki juani kwa ajili ya majani yetu. Alipoteremka kituo kilichofuata alinipungia mkono mimi, ambaye sikuwa nimesaidia chochote.

Hapo ndipo shemeji alipoanza kuongea bila kuulizwa, kwa mara ya kwanza tangu Katy.

"Shemeji, tukifika tunaingia tu hivi hivi?"

"Mwadime amesema hataki mambo ya lango."

"Mwadime ni mtoto. Mimi nauliza wewe. Kaka yako angekubali tuingie kwa watu kama wezi?"

Wenzangu, mnanijua. Kama angenisukuma nisingekwenda. Yeye alinitajia marehemu tu. Nikavaa kofia yangu ya sherehe humo humo kwenye treni.

Nîmes hadi langoni

Nîmes tulilala, na asubuhi tukaambiwa treni ndogo ya kwenda Aigues-Mortes, mji wa kina Camille, haipo siku hiyo, kuna basi badala yake. Mwadime alikuwa ametuambia atatupokea stesheni saa sita na nusu, na chakula kingekuwa mezani saa saba. Basi lilipita kwenye nchi tambarare ambayo sikuwahi kuona mfano wake: maji ya kina kifupi pande zote, matete, farasi weupe, ndege heroe wamesimama kwa mguu mmoja. Halafu mbele kabisa, pasipo kilima wala mti wa kuuficha, ukatokea ukuta.

Nimeona picha za ngome maishani. Nyingi zimebomoka, zimebaki jino hapa na jino pale. Huu ukuta ulikuwa mzima. Unazunguka mji wote pande nne, una minara kwenye kona na juu ya malango, na ndani yake watu wanaanika nguo. Basi halikutushusha stesheni. Lilitushusha kwenye maegesho, mbele ya lango kubwa lenye minara miwili. Niliona lile lango, nikajua nimezaliwa kwa ajili ya siku hiyo.

Kwa taratibu za ujumbe wangu, simu huzimwa kabla ya kukaribia lango, ili pasiwe na mtu anayewasiliana kisirisiri na upande wa pili. Nikakusanya simu zote tatu, nikazizima, nikazitia mfukoni. Nikawapanga kinamama nyuma yangu, nikagonga bakora chini, nikaanza kuimba.

Naomba muelewe jambo moja. Lango lile lilikuwa wazi. Watu walikuwa wanaingia na kutoka na mikate, na baiskeli, na mtoto mmoja na samaki wake wa dhahabu kwenye mfuko wa maji. Lakini lango likiwa wazi si ruhusa ya kuingia, kwa mafundisho yangu. Wenyeji wanatakiwa waje wasimame, watuulize sisi ni akina nani, ndipo tujibu. Na wenyeji walikuwa hawajaja. Nikahitimisha kwamba wanatupima.

"Papa," Maman Furaha akasema baada ya wimbo wa pili, "hii mulango iko wazi."

"Imba tu, mama."

"Miye naimba. Lakini tuko naongojea nani? Bantu banapita hapa banatupiga picha sawa vile sisi ni sinema."

Kweli walikuwa wanatupiga picha. Wazungu wa basi la watalii walituzunguka. Nilipovua kofia kufuta jasho, bibi mmoja akatia sarafu humo, akanitabasamia kwa huruma. Nilitaka kumrudishia, lakini nilikuwa katikati ya ubeti. Wa pili naye akatia. Hivyo ndivyo habari ya dada wa kwaya ilivyoanza, maana mmoja wa watalii wale alirusha video, na dunia ni ndogo.

Mwadime, kumbe, alikuwa stesheni anatungoja. Alipiga simu zetu mpaka yake ikaisha chaji. Akarudi mbio nyumbani kwa akina Camille, ambao wanakaa upande wa pili wa mji, na mji una malango kama kumi. Wakaanza kututafuta lango kwa lango. Alitukuta saa nane kasoro kidogo. Alitokea kwa ndani, shati limeloa, akasimama chini ya tao la lango akatuona: mimi na kofia yenye sarafu mkononi, mama yake, Maman Furaha na sombe.

"Uncle," akasema polepole. "Uli-promise."

Nyuma yake alikuja mwanamume mnene mwenye aproni. Huyu alikuwa Bernard, babake Camille, aliyestaafu kazi kwenye mashamba ya chumvi. Alikuwa amesimama jikoni tangu alfajiri, na nyama yake ilikuwa imekauka chunguni ikitungoja. Alisema maneno mengi na mkono ukielekea lango, juu, chini, kushoto, kulia.

"Anasema nini?"

"Anauliza nani amekuambia huku kumefungwa," Maman Furaha akasema. "Anasema tangu azaliwe hajaona mutu anafunga hii mulango. Anasema nyama imeungua. Na anauliza kama ni yeye alifanya mubaya."

Nilitamani ardhi ipasuke. Camille mwenyewe alikuwa amefika, msichana mwembamba, macho mekundu. Alikuwa amelia, akidhani tumefika, tumeona, tumegeuza. Mwadime alimshika mkono bila kunitazama.

Aliyetuokoa ni bikizee. Nyanya yake Camille, Odette, ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Alikuja nyuma ya wote na fimbo yake, akamwuliza Maman Furaha swali moja, akasikiliza jibu lote bila kukatiza. Halafu akawasukuma kina Bernard ndani ya lango, akajipanga katikati yake, akainyoosha fimbo yake upande hadi upande kama kizuizi, akanitazama mimi.

"Anauliza sasa aseme nini," Maman Furaha akanong'ona.

"Aulize sisi ni akina nani."

Akauliza. Nikajibu. Akauliza tumekuja kutafuta nini. Nikajibu. Watalii wakapiga makofi. Odette akainua fimbo, tukaingia tukiimba. Ilichukua dakika mbili, na katika dakika hizo niligundua kwamba sauti ya shemeji haisikiki. Alikuwa ameacha kuimba tangu Camille alipotokea.

Ndani ya kuta

Nyama ya fahali ya Bernard ilikuwa imeungua chini tu. Juu ilikuwa laini, nyeusi kwa mvinyo, na wali mwekundu wa huko huko kwenye mabwawa. Maman Furaha aliingia jikoni bila kukaribishwa, akapasha sombe, akaileta mezani. Bernard aliionja kwa ncha ya uma. Akaonja tena. Akatia chumvi yake mwenyewe kutoka kwenye kopo, akamsogezea Maman Furaha aonje, na kutoka hapo wale wawili wakawa na mazungumzo yao ambayo hayakutafsiriwa.

Bernard akishiba hupenda kueleza mji wake. Alisema mfalme mmoja wa zamani alitaka bandari yake mwenyewe kwenye bahari ya kusini, na ardhi pekee aliyoweza kuipata ilikuwa dimbwi hili la chumvi na mbu. Akajenga hapa, akaondokea hapa kwenda vitani nchi takatifu. Mara ya pili hakurudi. Mwanawe na mjukuu wake ndio waliomalizia ukuta. Na ulipokwisha, bahari ikaanza kusogea. Mchanga ulijaa, meli zikashindwa kufika, wafanyabiashara wakaenda kwingine. Mji ukabaki na ukuta mzuri kuliko zote na hakuna wa kuuvamia.

"Ndiyo maana umebaki mzima," Mwadime akatafsiri. "Hakuna mtu ali-bother kuubomoa."

Bernard alitueleza pia mnara mmoja wa kona ambapo, katika vita fulani, maiti za askari zilikuwa nyingi mno za kuzika, zikatupwa ndani na kumwagiwa chumvi zisioze. Alilieleza hilo wakati nikijiongezea chumvi. Niliirudisha.

Halafu nikasimama. Najua. Nilikuwa nimeahidi, nilikuwa nimeshaharibu, na bado nikasimama, daftari mkononi. Mwadime aliinamia sahani. Nilizungumzia ukoo wetu kutoka milima ya Taita mpaka Katy, nikamtaja kaka kwa jina mara nyingi, nikatua ili nitafsiriwe. Maman Furaha akasema maneno matano.

"Umewaambia nini?"

"Nimebaambia unashukuru kwa chakula."

"Nimesema dakika sita!"

"Papa, chakula kinapoa."

Nikakaa. Nilikuwa nimebeba hotuba ile kutoka Texas kama yai, na hakuna aliyeitaka. Camille ndiye aliyesema jambo la maana siku hiyo. Alimgeukia shemeji na Kiswahili alichofundishwa na Mwadime, neno moja moja: "Mama, mimi nataka kujua. Wewe unasema nini?"

Shemeji alikunja kitambaa chake cha mezani, akakikunja tena.

"Nitakujibu kabla sijaondoka," akasema.

Mnarani

Baada ya chakula Odette alitaka kutuonyesha mnara mkubwa ulio nje kidogo ya kona ya ukuta, mimi na shemeji, na Maman Furaha wa kutafsiri. Vijana walibaki kuosha vyombo. Mnara ule ni mviringo, na unene wa ukuta wake unapita urefu wa sebule yangu. Ndani ni baridi hata kukiwa na joto nje.

Odette alisema watu wake ni Waprotestanti wa milima ya kaskazini. Zamani wafalme walipokataza ibada yao, wanawake waliokutwa wakisali walifungwa humu. Mmoja aliingia msichana akatoka mzee. Wangeweza kutoka siku yoyote, kila mmoja wao, kwa kukana tu imani yake mbele ya shahidi. Katikati ya sakafu kuna tundu lenye ukingo wa jiwe, na kwenye jiwe kuna neno lililochongwa: kukataa, kusimama imara. Odette aliligusa kwa kidole, kama mtu anayegusa shavu la mtoto. Akaenda kukaa dirishani na Maman Furaha, wakatuacha.

Nikasema kitu cha kijinga, kwamba wanawake wale wangefaa kwenye kwaya yetu. Shemeji hakucheka.

"Shemeji, nikuambie kitu, na usinikasirikie."

"Sema."

"Nilijua ukianza kuimba hutanyamaza. Nilijua utazima simu. Nilikaa pale nyuma yako nikiomba wakasirike. Watukatae wao, nisiwe mimi niliyekataa."

Sikumwelewa mara moja. Nilipomwelewa niliumia, wenzangu, niliumia sana. Miaka yote nimejiona nguzo ya ukoo, na mwanamke huyu alinichukua Texas mpaka Ufaransa kama mtu anavyobeba kiberiti. Alijua kitu kimoja tu kuhusu mimi, kwamba sina breki, na ndicho alichokihitaji.

"Kwa nini usimwambie tu hapana?"

"Angekubali. Hilo ndilo tatizo. Angerudi Katy, alale kwenye kile chumba, aende kazini, anisalimie kila asubuhi na adabu. Na mimi ningejua." Alitazama lile tundu la sakafuni. "Hawa walifungwa na adui zao. Mimi ni mamake."

Nikamshika bega, tukakaa hivyo mpaka Odette akasema ni saa ya basi.

Langoni mara ya pili

Walitusindikiza wote. Jua lilikuwa bado juu. Tulipofika chini ya tao la lango, shemeji alisimama, akamwomba Maman Furaha chupa ya maji. Akapiga funda, akalishikilia kinywani. Nikadhani ana kiu.

Lakini hakumeza. Aliwageukia Mwadime na Camille, akalipuliza lile funda chini mbele ya miguu yao, likatapakaa kwenye mawe na viatu. Akapiga funda jingine, akalipuliza tena.

Sikuwa nimeliona jambo hilo tangu kabla sijaanza shule. Kwetu Taita, wazee waliokuwa na kinyongo moyoni walikitoa hivyo, kwa maji au kwa pombe ya miwa, na kutamka baraka juu yake. Tuliita kutasa. Kanisa lilitufundisha kuliacha, na shemeji ni mtu wa kanisa kuliko mimi. Hakuna mtu Arlington aliyenifunza hilo, na hakuna mtu aliyewahi kunialika niliongoze.

"Kama kuna hasira niliyoificha juu yenu, imenitoka," akasema kwa sauti ndogo, ya kawaida. "Mkae. Mzae. Nyumba yenu isikose chakula. Mnipigie simu Jumapili."

Bernard aliangalia yale maji, akanitazama mimi, msemaji. Akamtazama Maman Furaha. Maman Furaha alikuwa anajifuta macho kwa kanga na hakutafsiri kitu. Odette aliinamisha kichwa kama watu wanavyofanya kanisani mwishoni mwa sala. Mwadime, mwanamume wa miaka thelathini, alichuchumaa pale pale kwenye mawe yaliyolowa akajifunika uso, na Camille akachuchumaa naye.

Basi likaja kwa wakati wake.

Paris hadi Houston

Kwenye ndege ya kurudi tulipangwa safu moja, viti vya katikati, vinne. Maman Furaha, mimi, shemeji, na cha mwisho kilikuwa kitupu. Watu waliendelea kuingia, na kila aliyekaribia safu yetu shemeji alikuwa anamtazama.

"Hapo anakaa nani?" nikamwuliza.

"Mwadime," akasema. "Nilimkatia tiketi siku ile ile niliyokata zetu. Hajui."

Mlango wa ndege ukafungwa. Mkoba wake ulikuwa juu ya kile kiti na mkono wake juu ya mkoba. Tukiwa bado tumesimama uwanjani, msichana mmoja mjamzito aliyebanwa safu ya nyuma alikuja, akaonyesha kile kiti, akauliza kwa Kiingereza kama kuna mtu.

Shemeji alikitazama kwa muda ambao mimi niliuona mrefu kuliko nyimbo zangu zote. Halafu akauchukua mkoba, akaupakata.

"Hakuna mtu," akamwambia. "Kaa, mama."